Nililimeza neno la bibi, na mtoto hajarudi kliniki

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa hapa Malindi, na ninaomba jina langu lisitajwe kwa sababu mji huu ni mdogo kuliko watu wanavyoudhania. Nyumbani tulilelewa kwa Kigiriama, shuleni na mitaani nikakitumia Kiswahili, na Kiitaliano nilikipata hotelini, ambako nilifanya kazi ya mapokezi kwa miaka 6 kabla ya hoteli ile kufungwa. Lugha hizo tatu ndizo zilizonipa kazi ninayoifanya sasa, ya ukalimani katika kliniki moja ya hisani ambayo madaktari wa kutoka Italia huja kwa zamu ya miezi miwili au mitatu. Hakuna aliyenifundisha kazi yenyewe. Siku ya kwanza nilipewa koti jeupe na kiti baina ya daktari na mgonjwa, nikaambiwa nianze.

Wiki 3 zilizopita alikuja binti wa kama miaka 20 akiwa na mtoto wa kiume wa miezi 11, amefuatana na mavyaa yake, kutoka kijiji kilicho kwenye njia ya Marafa. Muuguzi alimfunga mtoto ule utepe wa kupimia mkono, nao ukasoma sentimita 11.2, ndani ya rangi nyekundu. Daktari akauliza hali hiyo ilianza lini. Yule bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu na ambaye nilikuwa nikimwita hawe kama tunavyowaita bibi zetu, alinigeukia akasema kwa Kigiriama kwamba hapakuwa na haja ya kupimana, kwani mtoto ana chirwa, na anayejua ilikotoka ameketi papo hapo. Mama mtoto aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pindo la leso yake.

Kwa wasomaji wasio wa kwetu, chirwa ni jina ambalo wazee hulitumia kwa mtoto anayekonda na kunyauka, na sababu inayotajwa ni kwamba mzazi mmoja amevunja mwiko, kwa kutoka nje ya ndoa au kwa kushika mimba mtoto akingali ananyonya. Kidole huelekezwa kwa mama mara nyingi kuliko kwa baba. Waswahili wana neno lao la kubemenda, ambalo linakaribiana nalo.

Mimi nilimwambia daktari: "Bibi anasema mtoto amekonda." Basi. Nilimwonea huruma yule binti, nikaona si haki mgeni aambiwe maneno yale juu yake.

Daktari alieleza kwamba mtoto atapewa ile lishe ya karanga ya pakiti na kwamba arudishwe kila wiki apimwe. Akauliza kama bado ananyonya, mama akajibu kuwa ananyonya. Bibi akasema kwamba lishe ingesubiri, kwa sababu mtoto alipaswa kwanza kuogeshwa dawa ya miti kwa siku saba. Hilo nililifasiri kama lilivyo, lakini kwa kuwa neno la mwanzo halikuwa limemfikia daktari, kauli ile ilisikika kama ukaidi mtupu, naye akapandisha sauti.

Bibi alipokwenda dirisha la dawa, mama mtoto alinikuta kwenye benchi la nje. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alimwachisha mtoto ziwa mwezi mmoja uliopita, kwamba ana mimba ya kama miezi miwili, na kwamba mumewe anafanya kazi Mombasa na huja mara moja kwa mwezi. Mavyaa yake hajui lolote kati ya hayo. "Dada, hili libaki hapa," akasema. Nami, nikiwa mkweli, nilihesabu miezi vidoleni. Bibi akarudi, wakaondoka, na juu ya benchi kikabaki kijitabu cha mama na mtoto. Kimo mkobani mwangu mpaka leo.

Hawajarudi. Wamekosa miadi miwili. Muuguzi anataka nipige simu kwa sababu najua lugha, lakini nambari iliyoandikishwa ni ya bibi. Daktari anasema "watu wale hawataki kusaidiwa", na mwisho wa mwezi anarudi kwao. Mama yangu mzazi ananiambia nisijitie katika ndoa za watu, na jambo linalonizidishia uzito ni kwamba yule bibi ana udugu na mke wa mjomba wangu, hivyo tutakutana mazishini au harusini, tutake tusitake. Mwenzangu mmoja alinionyesha kanuni za wakalimani wa hospitali za Marekani. Nilizisoma usiku, na kila ukurasa niliona kosa langu. Nimwambie daktari kila kitu? Niende mwenyewe kijijini? Au ninyamaze kama nilivyoombwa?

Mkalimani, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu nadhani umeniletea mafundo mawili ukiyaona kama fundo moja. Liko neno lililosemwa ndani, mbele ya daktari, likaishia kinywani mwako. Liko na jingine lililosemwa nje na mtu aliyekuomba lisitoke. La kwanza lilikuwa safarini kwenda kwa daktari ulipolizuia, na la pili halikuwa limetumwa kwake hata kidogo. Ukiyachanganya, utajikuta unalifichua la pili ili kulipia deni la la kwanza.

Tuanze na chirwa. Unasema kwamba ulimsitiri mama mtoto, na naamini ndivyo ulivyohisi. Lakini hebu twende taratibu. Bibi alilisema neno kwa kinywa chake, mama mtoto akalisikia kwa lugha aliyonyonya nayo, nawe ukalisikia. Mtu pekee chumbani ambaye hakulisikia ni daktari, na yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Basi aibu iliyositiriwa pale ilikuwa ya nani? Sikuulizi kwa kukushtaki. Kabla ya kushika kalamu hii nilifanya kazi wodini miaka mingi, na naijua ile hofu inayomshika mtu wa hapa anapokaa mbele ya mgeni aliyesoma, ya kwamba mzee wake akifungua kinywa tutaonekana washamba sote. Hofu hiyo haikuchagui wewe peke yako. Lakini iliponiingia mimi, ilikuja imevaa nguo za huruma, na ilinichukua muda kuitambua.

Naomba pia uangalie lile neno lilikuwa limebeba nini. Kwako lilikuwa tusi, na kweli ndani yake mlikuwa na shutuma nzito juu ya binti wa watu. Ila kwa daktari mzoefu lingekuwa na habari tatu au nne kwa mpigo: kwamba bibi ana maelezo yake ya ugonjwa na tiba yake, kwamba ndani ya nyumba ile kuna ugomvi unaomhusu mama, kwamba huenda ziwa au mimba ni sehemu ya kisa, na kwamba kumpa mama pakiti za lishe bila kuzungumza na bibi ni kumtwisha mzigo asioweza kuutua mlangoni. Ulipolifasiri kama "amekonda", ulimpa daktari kile ambacho utepe ulikuwa umeshamwambia. Sidai kwamba angeyaona yote hayo. Huenda angecheka, na unamjua wewe kuliko mimi. Lakini kicheko kingekuwa chake, nacho kingejibika.

Kazi yako ina mitego hii kila siku, na mingine haina hata mwiko ndani yake. Bibi wa Lamu akisema moyo unamchafuka, hana ugonjwa wa moyo, anataka kutapika. Mtu akisema mguu unamuuma, Mwitaliano atataka kujua kama ni paja, goti au wayo, ilhali sisi tumeshasema vya kutosha. Mzee akikuambia ana mshipa, huenda anakuomba kwa adabu usimlazimishe kutaja sehemu iliyovimba. Mwaka 1980 huko Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui, na jamaa zake, watu wa asili ya Kuba, wakatumia neno la Kihispania, "intoxicado", wakimaanisha kwamba amedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Wahudumu walilisikia kama kulewa dawa za kulevya, wakamtibu kwa hilo, kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo. Alipooza mikono na miguu, na kesi iliisha kwa makubaliano ya karibu dola milioni 71. Pale hapakuwa na mkalimani wa kazi hiyo, na kila mtu aliona ameelewa.

Zile kanuni ulizozisoma usiku, ikiwa ni zile za baraza la taifa la ukalimani wa afya la Marekani, zilitolewa mwaka 2004, na viwango vya utendaji vikafuata mwaka 2005. Ni kweli zinataka mkalimani afasiri kila kilichosemwa, bila kuongeza, kupunguza wala kulainisha. Lakini nadhani ulizisoma kwa jicho la mshtakiwa, ukapita juu ya yale yanayokufaa. Humo humo mna kiwango kinachomtaka mkalimani asahihishe kosa lake mwenyewe, maana yake waliotunga walijua kwamba makosa yatatokea kwa watu wema. Humo humo mnaruhusiwa kuwajulisha wahusika kwamba neno fulani halina mwenzake katika lugha ya pili, ili msemaji mwenyewe aombwe kulieleza. Ungeweza, kwa mfano, kulitamka "chirwa" kama lilivyo, ukamwambia daktari kwamba ni jina la ugonjwa wa kienyeji, kisha ukamgeukia bibi na kumwambia kwa Kigiriama ulichokisema, ili asidhani mnamsengenya. Kanuni zile ziliandikwa kwa hospitali zenye wakalimani wa kuajiriwa na waliopata mafunzo, si kwa mtu aliyepewa koti na kiti, hivyo zichukue kama taa na usizigeuze kuwa rungu.

Je, umwambie daktari sasa neno ulilolizuia? Ukimwambia, picha ya "watu wasiotaka kusaidiwa" itapata sura nyingine kabla hajaondoka, na huenda akamwachia mwenzake anayefuata maelezo tofauti. Hatari iko pia: anaweza kukushuku katika yote uliyowahi kumfasiria, na anaweza kulibeba neno lile vibaya na kumkemea bibi siku akirudi, jambo litakaloangukia mgongoni mwa mama mtoto. Kuna namna ya kupunguza hatari hiyo, nayo ni kuzungumza naye mbele ya muuguzi ambaye ni mwenyeji, ukisema wazi kwamba unasahihisha fasiri yako, kisha unaishia kwenye kile kilichosemwa chumbani. Kile cha benchi kibaki nje ya mazungumzo hayo, angalau mpaka uwe umekifikiria peke yake.

Na sasa tukifikirie. Kanuni za Marekani zinasema kwamba siri hutunzwa ndani ya timu inayomtibu mgonjwa, na kwa kauli hiyo ungeweza kujiona una ruhusa ya kumwambia daktari. Kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile nyeti. Lakini wewe na mimi tunajua jinsi timu ya kliniki ndogo inavyokuwa: kuna daktari, muuguzi, msichana wa mapokezi anayeandika faili, na mhudumu wa afya wa jamii ambaye huenda ni jirani wa bibi. Habari ya mimba ikiingia kwenye faili Jumatatu, sijui ni nani atakuwa hajaisikia Ijumaa. Kwa upande mwingine, ni habari yenye uzito wa tiba. Daktari anaamini mtoto ananyonya, naye hanyonyi. Mama ni mjamzito na hakuna anayemhudumia mimba hiyo. Tena, kama aliacha kunyonyesha kwa kuhofia kwamba maziwa ya mjamzito yatamdhuru mtoto, angefaa kusikia kutoka kwa muuguzi kwamba kwa kawaida mjamzito anaweza kuendelea kunyonyesha, ingawa maziwa huweza kupungua.

Umechukulia kwamba alikuwa anakuomba unyamaze tu. Huenda. Lakini mtu aliyedanganya mbele ya daktari dakika chache zilizopita, akatoka na kumweleza ukweli mtu mmoja aliyevaa koti jeupe, huenda pia alikuwa anatafuta mlango wa kuurudishia ukweli ule ndani bila mavyaa yake kuusikia. Mimi sijui ni lipi kati ya hayo mawili, nawe pia hujui, na anayejua ni yeye. Kwa hiyo swali ninaloliona likikungoja kabla ya kuamua kusema au kunyamaza ni hili: itawezekanaje aulizwe mwenyewe, faraghani, na mtu mwenye haki ya kumuuliza?

Hapo ndipo safari ya kijijini inaponitia wasiwasi, pamoja na wema wake wote. Ukishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ile, utakuwa mkalimani, au ndugu wa mke wa mjomba, au yule aliyekuwa akinong'ona na mkaza mwana kwenye benchi? Bibi atakukaribisha, atakupa kiti, na utakapoondoka atakuwa na maswali ambayo hutakuwepo kuyajibu. Simu kwa nambari ya bibi ina hatari pungufu, ila uiangalie nani anaipiga. Muuguzi akipiga mwenyewe, au akiwa kando yako huku wewe unafasiri tu, wito unakuwa wa kliniki na si wako. Nimewahi kuona wauguzi wakiweka utaratibu kwamba kila mama, bila kuchagua, anaingia chumba cha mizani peke yake na mtoto wake huku wengine wakingoja nje. Hakuna anayeshuku, kwa sababu wote wanafanyiwa hivyo. Ungeweza kumpendekezea muuguzi wako jambo hilo bila kumtaja mtu, na siku yule binti akiingia chumbani humo, umweleze kabla hajafungua kinywa kwamba lolote atakalosema mbele ya muuguzi utalifasiri lote, kisha achague mwenyewe.

Kuhusu kuhesabu miezi vidoleni, nakushukuru kwa kuliandika, maana ungeweza kulificha. Mume anayekuja kila mwezi anatosha kabisa kuwa baba wa mimba ya miezi miwili, na hata kama hesabu isingetimia, si hesabu uliyokabidhiwa. Nalitaja kwa sababu moja tu. Unaogopa kwamba daktari au bibi watamhukumu binti yule, ilhali vidole vilivyotangulia kuhesabu vilikuwa vyako. Huenda ndiyo sababu siri hii inakuchoma kuliko ilivyostahili.

Udugu wako na bibi ungefaa ujulikane kliniki, na mapema. Kumwambia muuguzi "hawa ni jamaa zangu kwa mbali" hakuharibu kitu, na kunakupa nafasi ya kumwachia mwingine kiti kama yupo. Mama yako mzazi naye ana haki ya kuchoka na mambo ya watu, ila naomba kisa hiki kisiendelee kusimuliwa jikoni kwenu, hata kwa nia ya kutafuta nasaha.

Mambo mengi hapa yanaweza kusubiri utulie, isipokuwa hali ya mtoto. Mkono wa sentimita 11.2 uko chini ya 11.5, mpaka ambapo utapiamlo huhesabiwa kuwa mkali, na mtoto wa namna hiyo anatakiwa kuonekana kila wiki. Akikataa kula, akipata homa, akiharisha au akivimba miguu, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Wala sidhani ni lazima dawa ya miti ya kuogea na pakiti za karanga zipigane. Pengine bibi angekubali vyote viwili kama mtu angemwambia kwa Kigiriama, kwa heshima ya ukubwa wake, kwamba neno lake limesikika. Huenda pia hawakurudi kwa sababu ambayo haikuhusu hata kidogo. Nauli ya watu wawili kutoka njia ile, kwa nyumba inayongoja fedha kutoka Mombasa, si jambo dogo.

Kimebaki kile kijitabu. Unasema kilisahauliwa, na inawezekana. Vyovyote iwavyo, ndani yake mna jina lake, mizani ya mtoto na chanjo zake, na mkoba wako unaingia matatu na unakaa sebuleni kwenu. Kesho asubuhi kipeleke kwa muuguzi, umwambie kilipatikana kwenye benchi. Atakapompigia bibi simu, atakuwa na la kusema ambalo ni kweli na halimgusi mtu: kijitabu cha mtoto kiko huku, mama yake aje akichukue, na aje na mtoto.